Fulana imenigandia mgongoni: kutatua matatizo ya vitambaa unapopanda milima kwenye joto

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Wanaokwenda Budadiri kuupanda mlima Elgon, na wanaokwenda Sipi kuangalia maporomoko, hupitia mjini kwetu, kwa hiyo nguo zao hunijia mara mbili. Kwanza kabla ya safari, zipunguzwe au ziongezwe mfuko. Halafu baada ya safari, zimechanika, zinanuka au zimemchubua mwenyewe. Na mimi hupanda siku nikipata nafasi, kwa hiyo mengine humu nimejifunza kwa ngozi yangu.

Lawama karibu zote huangushiwa kitambaa. "Fundi, hii pamba si pamba." "Fundi, hii poliesta imenipika." Nikiigeuza nguo ndani nje naona mara nyingi kitambaa hakina kosa. Kimepelekwa mahali pasipo pake, au kimefuliwa vibaya, au kimeshonwa vibaya.

Jasho lenyewe halipozi mwili. Linapoza pale linapogeuka mvuke na kuondoka na joto. Basi nguo ya joto ina swali moja tu: jasho likishatoka, linakwenda wapi? Moroto na Kidepo, kule Karamoja, hewa ni kavu, linakwenda hewani upesi. Hata fulana ya pamba iliyolowa hukauka ukiwa njiani, na huo unyevu wake unakupoza kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Ndani ya msitu wa Mabira au Budongo hewa imeshashiba maji, na jasho halina pa kwenda. Fulana ileile inakunywa, inakuwa nzito, inabaki imelowa mpaka jioni. Anayekuambia "pamba ndiyo nguo ya joto" na anayekuambia "pamba usiiguse" wote wawili wana haki, ila kila mmoja anatoka wilaya yake.

Jua kwanza umevaa nini

Wengi wetu tunavaa mitumba, mivumba kama wanavyosema Waganda, kutoka soko la Owino kule Kampala au gulio la karibu. Lebo imekatwa, imefutika, au inasema uongo. Chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ushike kwa kibano mbali na nguo, uwashe kwa kiberiti.

Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huzima yenyewe. Poliesta na nailoni hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Ukipata harufu ya karatasi na punje ngumu pamoja, huo ni mchanganyiko, ile tuliyozoea kuiita tetroni. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, inadanganya, maana inaungua kama pamba. Hiyo itambue kwa maji: lowesha uzi, uvute. Uzi wa pamba ukilowa unazidi nguvu, wa viskosi unakatika kama tambi.

Tofauti yao kwa unyevu ni kubwa. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji takriban asilimia 8 ya uzito wake kabla hata hujatoka jasho, sufu hufika 16 hivi, nailoni 4, na poliesta haifiki hata 1.

"Fulana imelowa, imenigandia mgongoni, haikauki"

Hili ndilo ninaloletewa zaidi, na sababu inayoongoza ni uzito wa pamba. Fulana nzito ya dukani hufika gramu 180 kwa mita moja ya mraba au zaidi, wakati ya kutembelea kwenye joto inatosha kuwa na 120 hadi 140. Huna haja ya mizani. Inyanyue kwenye mwanga: ukiona kivuli cha vidole vyako kupitia kitambaa, ni nyepesi. Zile fulana za kampeni tunazogawiwa kila uchaguzi, ambazo hakuna nyumba Uganda isiyokuwa nazo, nyingi ni nyepesi hivyo, na nimewaona wabeba mizigo wa Elgon wakizivaa kuliko nguo yoyote ya bei kubwa. Siasa waachie wenyewe, kitambaa kinafaa.

Sababu ya pili ni begi. Angalia: mgongo umelowa lakini kifua kikavu? Usinunue fulana mpya. Hakuna kitambaa duniani kinachokausha jasho mahali ambapo begi limeziba upepo. Legeza kamba za mabega, kaza mkanda wa kiunoni ili begi liachane kidogo na mgongo, na kila ukipumzika livue kabisa.

Ya tatu wengi hawaiamini: dawa ya kulainisha nguo. Poliesta nyepesi haili maji. Inayasambaza juu ya nyuzi zake yapate kukauka. Ile dawa yenye harufu nzuri huacha utando kama mafuta, na maji hayasambai tena. Jaribu kwa tone moja la maji upande wa ndani. Likisambaa mara moja, nguo ni nzima. Likikaa kama shanga, kuna utando. Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza kwa maji yenye nusu kikombe cha siki, rudia mara moja zaidi. Kama tone bado linakaa kama shanga baada ya hapo, hiyo poliesta haikutengenezwa kwa jasho tangu mwanzo.

Sababu nyingine ni chache. Singlendi ndani ya shati: wanaume tumeizoea tangu shule, na njiani inakuwa sifongo. Viskosi: dukani laini, baridi, inateleza mkononi, ila hubeba maji kuliko pamba na ikilowa inarefuka mpaka kola inafika kifuani. Ukiona blauzi yako imekuwa gauni, ndiyo hiyo.

Ukishamaliza hayo yote na bado unalowa, hapo ndipo kubadilisha kitambaa. Kwa misitu yenye unyevu na kwa Elgon, chukua poliesta nyepesi au tetroni yenye poliesta nyingi kuliko pamba. Kwa Karamoja, shati pana la pamba iliyofumwa, la mikono mirefu, lenye vifungo vya mbele unavyoweza kufungua. Na kama shati unalipenda na hutaki kuliacha, mpelekee fundi akate kwapa na kuweka kipande cha wavu kutoka jezi kuukuu. Kazi ya nusu saa.

"Nimevaa jezi ya michezo lakini naungua"

Puliza kwanza. Weka kitambaa mdomoni, pulizia kiganja chako upande wa pili. Usiposikia pumzi, kitambaa kimefumwa kwa kubana mno, hata kama lebo imeandikwa maneno matamu. Jezi nyingi za bandia ziko hivyo: uzi ni poliesta kweli, lakini ufumaji ni wa begi.

Kama pumzi inapita, angalia kifua na mgongo. Nembo na namba za mpira zilizobandikwa hazipitishi hewa hata kidogo, na jezi yenye namba kubwa mgongoni na mdhamini kifuani ni mtu aliyevaa vipande viwili vya plastiki. Halafu angalia bitana, hasa kwenye suruali za mazoezi. Ikate uitoe. Mwisho angalia kipimo. Nguo inayobana haina nafasi ya hewa kupita kati yake na ngozi, na hapa rangi haina neno kubwa kama watu wanavyodhani: nguo nyeusi pana inayopepea haimpiki mtu kama nyeusi iliyobana.

Hilo la upana nimelijua kwa dada mmoja aliyerudi kutoka Sipi, wilayani Kapchorwa, akilalamika kichwa. "Fundi, jua la Kapchorwa lilinipasua kichwa." Nilimwomba anioneshe alichovaa. Hijabu ya krepu, poliesta tupu, imezungushwa mara mbili, na chini yake kikofia cha ndani kinachobana. Jua lilikuwa na sehemu yake, lakini kichwa kile kilikuwa kimefungiwa. Tulimshonea mtandio wa pamba nyepesi, mpana, wa kuzungusha mara moja, na kikofia akakiacha nyumbani. Kwa wanaofunika kichwa, hapo pamba naitetea hata kwenye unyevu, kwa sababu kitambaa ni kidogo, kinapata upepo, na unaweza kukilowesha mtoni ukakivaa tena kibichi.

*Hapa simama.* Kuungua kwa joto kuna mpaka, na ukivukwa si kazi ya fundi nguo wala kiongozi wa njia. Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba, kutapika mfululizo au kuzimia, na mwili wake ni wa moto sana, hiyo ni hali ya kuua, hata kama bado anatoka jasho. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Weka vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Kama hajitambui vizuri usimpe maji mdomoni. Anza kumpoza papo hapo huku mmoja anatafuta usafiri. Hospitali za rufaa ziko Mbale na Moroto, lakini kituo cha afya cha karibu kwanza. Pia mtu ambaye baada ya kupanda sana anakojoa mkojo wa rangi ya chai, hata akiwa anajisikia nafuu, aende hospitali siku hiyohiyo. Na homa inayokuja siku chache baada ya safari usiiite "joto la mlima". Pima malaria.

"Nimechubuka mapajani"

Hapa niseme kwa aibu. Suruali yangu ya kwanza ya kutembelea niliishona mwenyewe, kwa mshono wa kukunja mara mbili kama wa jinzi, nikijisifu kwamba haitachanika. Haikuchanika. Nilizunguka maporomoko yote matatu ya Sipi, nikarudi nyumbani natembea kama bata, na mke wangu akauliza kama suruali ile nilikuwa nimemshonea adui yangu.

Mchubuko unataka vitu vitatu: unyevu, chumvi na msuguano. Anza na chupi, maana ndiyo chanzo mara nyingi kuliko suruali. Chupi ya pamba ikilowa haikauki kule chini, inakunjika na kuwa kamba. Vaa taiti ya nailoni au poliesta inayofika katikati ya mapaja, iliyo laini, bila mshono upande wa ndani wa paja. Wanawake wanaovaa sketi au gauni wafanye vivyo hivyo. Sketi pana ni nguo nzuri sana ya joto, ila mapaja yanagusana.

Kisha geuza suruali ndani nje, pitisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako juu ya kila mshono. Ngozi ya pale ni laini, itakuambia. Hatari zaidi ni pale mishono minne inapokutana kati ya miguu. Fundi anayejua kazi ataifumua ile njia panda na kuweka kipande chenye umbo la almasi, mishono isikutane tena mahali pamoja, na suruali itakuwa na nafasi ya kuinua mguu juu ya jiwe bila kupasuka. Mwambie pia asipige ovaloki nene pale. Mshono bapa unatosha. Lebo ya kiunoni ifumue, usiikate kwa mkasi, kwa sababu kile kibaki chake kikali ndicho kinachokwaruza.

Chumvi inaondolewa na maji tu. Ukifika kijito, osha mapaja na kwapa, kausha, paka Vaseline upya. Paka kabla hujaanza kuwaka. Ukisubiri mpaka uwake, umechelewa.

Simama na muone mhudumu wa afya kama ngozi inatoa maji au usaha, imevimba na ni ya moto, au kama wekundu una ukingo wa mviringo unaowasha na kupanuka. Huo wa mwisho mara nyingi ni fangasi, na krimu za steroidi zinazouzwa ovyo madukani hutuliza mwasho siku mbili na kulisha fangasi mwezi mzima.

"Nimetoka harara"

Vipele vidogo vinavyochoma shingoni, mgongoni, chini ya matiti. Vinyweleo vimeziba na jasho limebaki chini ya ngozi. Kwa kawaida nguo imebana, au sabuni haikusuuzwa ikaisha. Suuza nguo mara moja zaidi ya ulivyozoea, vaa pana, kaa mahali penye upepo, usipake mafuta mazito juu ya vipele. Kama vimekuja mara moja baada ya kuvaa nguo mpya ambayo haijafuliwa, ifue kwanza kabla ya kulaumu kitambaa, maana dawa za kiwandani hukaa kwenye nguo mpya. Vipele vyenye usaha, au vinavyokuja na homa, ni vya daktari.

"Jua limenichoma ndani ya nguo"

Watu hawaamini kwamba inawezekana. Ikweta inapita katika nchi yetu na jua linapiga karibu wima mwaka mzima. Ukipanda juu, mionzi inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, hata kama upepo wa baridi unakudanganya kwamba jua limepoa.

Fulana nyepesi nyeupe ya pamba huzuia sehemu tu ya mionzi, na ikilowa au ikivutika uwezo wake wa kuzuia hupungua. Hapa ndipo ushauri wangu wa mwanzo unapogongana na wenyewe: kile kitambaa chepesi kinachoonesha kivuli cha vidole ndicho kinachopitisha jua. Hakuna ujanja, lazima uchague kwa mahali. Chini ya miti, chepesi. Kwenye uwazi wa Moroto, au kwenye nyika za juu za Elgon, kilichofumwa kwa kubana zaidi, cha mikono mirefu na kola ya kusimama, na upana ndio ukupe hewa. Nguo yenye alama ya UPF 50, kipimo cha kitambaa kuzuia jua, hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 ya mionzi hiyo. Poliesta yenye rangi iliyokolea hufanya vizuri kuliko pamba nyeupe.

Angalia pia mabega. Fulana kuukuu huchakaa pale kwanza kwa kamba za begi, na mtu anaungua mistari miwili bila kujua kwa nini. Na kama unameza doxycycline kwa kujikinga na malaria, jua kwamba dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi.

Ngozi nyeusi nayo huungua, sema haioneshi mapema. Ndugu zetu wenye ualbino wasitembee mchana na fulana ya pamba nyeupe peke yake. Kidonda cha jua kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari.

"Inanuka hata baada ya kufuliwa"

Poliesta, karibu kila mara. Mafuta ya mwili hushikamana nayo na bakteria wa harufu wanaipenda. Pamba hunuka kidogo, na sufu hunuka kidogo kuliko hata pamba. Usiongeze sabuni wala manukato. Loweka saa moja kwenye maji yenye siki, geuza ndani nje, fua, anika palipo na upepo siku hiyohiyo. Nguo iliyolala imelowa ndani ya begi usiku mmoja imeshaharibika kwa wiki nzima. Klorini usiitie kwenye nguo yenye laikra, ule uzi unaovutika, itakufa mvutano.

"Chini nilikuwa naungua, juu natetemeka"

Hili ndilo linalonitia hofu, kwa sababu wanaolileta hulisimulia wakicheka. Budadiri mtu anaanza asubuhi, jua kali, kavaa fulana ya pamba na jinzi. Anatoka jasho kutwa. Jioni yuko kambi ya Sasa, karibu mita 2,900. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, upepo unaanza, ukungu unashuka, na yeye amefungwa ndani ya maji yake mwenyewe. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, bado kiko mbele.

Sababu ya kwanza: pamba iliyolowa jasho la chini. Ya pili: mvua, ambayo Elgon haitoi taarifa. Ya tatu: jinzi, ambayo ikilowa ni nzito, haikunjiki gotini na huchukua siku mbili kukauka hata mjini.

Kagua kabla hujaondoka. Saa 12 jioni fua nguo utakayovaa safarini, ikamue, itundike ndani ya nyumba. Kama saa 12 asubuhi bado ina unyevu, haifai kwa mlima mrefu, iwe nzuri namna gani kwenye joto.

Tiba ni fulana mbili. Moja ya jasho, nyingine iko ndani ya mfuko wa plastiki na haiguswi mpaka umefika kambini. Badilisha pale unaposimama, kabla mwili haujapoa, si baada ya chai. Hiyo ya pili ikiwa ya sufu nyembamba ya kondoo wa merino umebarikiwa. Kwenye mitumba huwa zinachanganywa na sweta za kawaida, na muuzaji asiyejua hukupa kwa bei ya sweta. Pima kwa kiberiti, kagua matundu ya nondo.

Kwa Rwenzori sisemi mengi. Ule ni mlima wa matope na gambuti, na swali la joto huisha mapema.

*Simama* mwenzako akitetemeka bila kuacha, akishindwa kufunga zipu yake, akiongea kama mlevi. Na akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, hali imezidi. Mvue vyote vilivyolowa, mvishe vikavu, mkinge na upepo, mwambie kiongozi na mteremke. Usimpe pombe.

"Suruali imechanika, au wadudu wananiuma ndani yake"

Kuchanika kwa kawaida ni mtindo, si kitambaa: suruali inabana gotini na kwenye makalio. Kile kipande cha almasi nilichokitaja kinatibu nusu ya kesi. Nusu nyingine ni miiba ya migunga ya Karamoja, na hapo nailoni iliyofumwa kwa kubana inaishinda poliesta ya kufuma kwa vitanzi, ambayo mwiba mmoja unaivuta uzi mpaka chini. Majani ya kuwasha ya Elgon hupenya taiti kama haipo. Vaa suruali pana juu yake. Siafu wanatibiwa kwa kuingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, na asiyefanya hivyo hufanya mara ya pili bila kuambiwa.

Mbung'o ni jambo la rangi. Buluu na nyeusi zinawavuta, ndiyo maana mitego yao unayoiona ukipita mbuga ya Murchison imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukivaa suruali ya jinzi buluu kule umejigeuza mtego. Kaki, udongo, kijani kilichofifia. Nguo nyembamba wanaipenya, hivyo chagua nzito kidogo. Kuumwa na mbung'o kukifuatwa na kidonda pale alipouma, homa au kichwa kisichoisha, nenda hospitali na useme ulikotembea.

Ila kijani hicho kisiwe cha mabaka. Mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa kisheria kwa raia hapa Uganda, hata kofia, hata begi, hata kama umeikuta kwenye rundo la mitumba. Wageni hushangaa. Mteja akiniletea nguo ya hivyo nipunguze, namrudishia.

"Soksi zinanitoa malengelenge"

Pamba tena. Soksi za shule. Badilisha kwa mchanganyiko wa nailoni au sufu, beba jozi ya pili, badilisha saa za mchana. Kabla ya hapo hakikisha kiatu hakikubani, kwa sababu hakuna soksi inayotibu kiatu.

"Nimerudi nyumbani, natoka majipu yanayocheza"

Hili linakuja siku chache baada ya safari, kiunoni, mgongoni au mapajani, pale nguo inapogusa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au zilizotandazwa juu ya nyasi. Ukivaa, buu linaingia kwenye ngozi. Wazee wetu walipiga pasi kila kitu, mpaka chupi, na hawakuwa wanatafuta urembo.

Taabu ni kwamba nguo zetu hizi za poliesta na nailoni haziwezi pasi ya moto, zinayeyuka. Kwa hiyo zianike juani kweli, kwenye kamba, mbali na ardhi, au ndani ya nyumba yenye wavu madirishani. Kama zilianikwa kambini kwenye majani, zikunje ziweke wiki 2 bila kuvaa, buu halitadumu bila ngozi ya mtu. Pamba ipige pasi pande zote mbili, na ukazanie mishono na mikanda, ndiko mayai yanakojificha.

Jipu likishatoka usilibinye, buu likipasukia ndani linaleta uvimbe mbaya zaidi. Paka Vaseline nene juu ya tundu likose hewa, lisubiri lijisogeze nje, ndipo mhudumu alitoe kwa kibano. Likiwa karibu na jicho, au kwa mtoto mchanga, usiguse kabisa, mpeleke kituo cha afya.